Rauta Inayoshika Sabato

S.L.P. 14,
Kehancha.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Ryoba,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai wewe, Nyaboke na mtoto hamjambo, na kwamba joto la Mombasa halijawayeyusha. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama, ambaye goti linamsumbua, na mimi, ambaye Mama ananisumbua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu karatasi haikatiki katikati ya maneno. Jirani yetu Cephas anapanda basi kesho, atakuletea mkononi.

Mvua imeanza na tumepanda mahindi upande wa juu. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike, na Mama amempa jina la mkeo. Mwambie ni heshima.

Sasa habari ya mtandao, ule wa rauta ya hapa nyumbani. Unajua mimi hutoka dukani Kosele Ijumaa na kurudi Jumapili. Kila Jumamosi baada ya kanisa unapopiga simu ya video, tunaona sikio la mtoto, kisha unaganda mdomo wazi. Mama hajawahi kuuona uso wa huyo Bhoke mdogo mliyempa jina lake. Mwezi uliopita alilia, Ryoba. Alisema huenda atazikwa akilijua sikio tu.

Nikamwita fundi, Mokua. Alikuja Jumanne, akakuta mtandao una nguvu kama trekta, akanywa chai, akaenda zake. Jumamosi ukafa. Mokua akasema kwa simu kwamba ni migomba ya nyuma ya nyumba inayouzuia. Jumapili nikaikata. Mama alininunia siku nzima, na Jumamosi iliyofuata mtandao haukuwa umebadilika hata kidogo. Majirani wakaanza kusema eti rauta ya Mama Ryoba imeokoka, inashika Sabato. Mzee wa kanisa Oyaro aliposikia hivyo alitabasamu utadhani ameibatiza yeye.

Jana nilichoka. Ulipoganda tena, niliinua kile kitambaa cha kufuma ambacho Mama huifunikia rauta, nikitaka kuizima na kuiwasha. Chini yake nikakuta kopo la mafuta ya kupikia.

"Mama, rauta iko wapi?"

"Iko kwa sanduku. Si wezi wanajua Sabato tuko kanisa?"

Ryoba, ni lile sanduku lako la bati la shule ya bweni! Kumbe kila Ijumaa kabla jua halijatua Mama huitia humo, akafunga kufuli, kisha akaweka kopo chini ya kitambaa ili kuwapumbaza wezi. Waya huupitisha pale kifuniko kilipopinda, maana Mokua alimwambia isizimwe. Bati linaumeza mtandao wote. Na tukitoka kanisani hafungui, kwa sababu kufungua sanduku ni kazi, na Sabato haijaisha.

Nikamwambia hata ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa. Alifikiri, akatoa ufunguo kifuani, akafungua. Mtandao ukarudi papo hapo. Nikakupigia, hukushika, ukaandika: "Pole Mama, network yenu iko chini, tujaribu wiki ijayo." Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

Alikaa na rauta mapajani. Kisha akauliza polepole, "Na Jumatano? Si ilikuwa kwa meza?"

Sikumwelewa.

"Jumatano hunipigia akiwa kazini. Nikimuuliza ataleta mtoto lini, anasema network imepotea."

Niliirudisha rauta mezani, ndugu yangu. Najua bandarini likizo haipatikani kirahisi, wala sikulaumu sana. Lakini Mama anazeeka, na inaniuma kumwona akibembeleza sikio kwenye simu.

Jumamosi ijayo rauta itakuwa mezani, na Mama atakaa mbele ya simu na kitambaa chake cheupe cha kanisani. Njoo na uso mzima wa mtoto, na jibu. Ukiganda, atajua kwamba si sanduku.

Msalimie sana Nyaboke, yule wa Mombasa. Wa zizini tunamsalimia sisi. Mbusu Bhoke kwenye lile sikio tunalolifahamu. Mungu awalinde na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Dada yako akupendaye hata ukiganda,
Pauline