Nimemuuza Ng'ombe wa Johana, na Mke Wangu Anamlaumu Yeye

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maana ndipo Johana atakapokuja kumtazama ng'ombe wake, na ng'ombe huyo hayupo.

Johana ni rafiki yangu wa Siongiroi. Ng'ombe wangu alipokufa, alinipa mmoja wake nimtunze huku Chepilat kwa desturi yetu Wakipsigis: maziwa yawe ya watoto wangu, lakini ng'ombe na uzao wake wabaki kuwa wake. Desturi hiyo haina karatasi, ina neno tu. Sasa mimi hubeti kwenye simu, ule mchezo wa ndege inayopaa na ukichelewa kubonyeza inaondoka na pesa zako, na pesa za majani chai ninayouza kiwandani huishia humo kabla sijafika nyumbani, na siku moja nilikuwa nampeleka ng'ombe huyo joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, sikuwa na wazo lolote baya, dalali akanikuta barabarani akaniuliza kwa mzaha, "Mzee, huyo unamtembeza ama unauza?" nami nikasikia mdomo wangu umekwisha kusema nauza, na pesa zilipoingia kwenye simu nilisimama palepale kando ya barabara nikabonyeza, nikabonyeza tena, na kabla ng'ombe hajapandishwa garini zilikuwa zimekwisha.

Mke wangu Tecla aliponiuliza, nikasema Johana amemchukua, na ndama aliyemzaa hapa kwetu atafuata baadaye. Uongo huo nao ulinitoka vivyo hivyo, bila kupangwa. Tangu hapo watoto wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na Jumapili Tecla alisimama kanisani akamwomba Mungu aulainishe moyo wa Johana, waumini wakaitikia amina, nami nikaitikia. Jana dalali alipiga simu kuuliza habari za ndama, na nimeanza kuona kwamba nikimuuza huyo, nikibahatisha mara moja tu, nitamrudisha mama yake. Siuamini tena hata mkono wangu.

Mkulima, Chepilat

JIBU

Bwana Mkulima,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposimama ukafikiri, nami sikupaona. Huo ndio ugonjwa wako, na ni ugonjwa kweli, sikucheki. Mchezo huo umetengenezwa kwa ajili ya watu ambao kati ya kutamani na kutenda hawana hata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini ile amina haikuwa ugonjwa. Hapo ulikuwa na muda wa kunyamaza.

Usiniahidi kwamba utaacha, maana utaahidi upesi kama ulivyouza. Weka watu mahali ambapo akili yako huchelewa kufika. Laini inayopokea pesa za majani ishikwe na Tecla, nawe utumie simu ndogo isiyo na intaneti. Usipeleke mfugo popote peke yako. Kisha nenda hospitali ya kaunti uombe kumwona mshauri wa waraibu; hutakuwa wa kwanza kuketi mbele yake.

Usimngoje Johana. Mwendeeni Siongiroi, wewe, Tecla na mzee wa ukoo wako, mkampe ndama wake. Ng'ombe utamlipa kwa bonasi ya mwaka ya majani chai, nayo ipitie mikononi mwa mzee huyo, si mwako. Huenda Johana asikusamehe, na huenda asikanyage tena kwako. Sina dawa ya hilo. Na Jumapili usimwache Tecla asimame peke yake kulisafisha jina alilolichafua kwa ajili yako.

Sijui kama ndama bado yuko zizini. Barua husafiri polepole kuliko kidole chako. Kama yuko, mfungue sasa hivi, umkabidhi Tecla kamba kabla hujamweleza lolote. Atakuuliza kwa nini. Anzia hapo.