Mkwe Wangu na Mimi Katika Mashua Moja

Alhamisi, 4 Julai 2024. Nyanungu.

Daftari langu, nakusalimu kwa heshima zote, na nakuomba radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia neno. Sababu ni uvivu tu, sitaipamba.

Kesho naenda Musoma, na Jumamosi tunaingia ziwani. Mwanangu Godwin amenialika. Nassib, mwalimu mwenzake pale Mugumu, ni mzaliwa wa Ukerewe, naye anatupeleka kwao kwa mashua ya tanga tukamsalimu mama yake. Nilikubali upesi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Marehemu mke wangu Beatrice angenicheka.

Machage anakuja pia – rika langu, rafiki yangu, mdomo usiofungwa.

Ijumaa, 5 Julai. Musoma.

Nimeiona mashua. Ni ndogo. Niseme kweli – ni ndogo mno.

Sikujua kwamba Goodness, mke wa Godwin, naye anasafiri. Kwetu Wakurya baba mkwe haketi karibu na mke wa mwanawe, hamgusi, hali naye. Goodness ni Mchaga, muuguzi aliyeletwa huku na serikali, hakulelewa hivyo. Hata hivyo ameishika desturi yetu miaka tisa bila kosa. Shikamoo yake huitoa mlangoni, macho chini, na baada ya hapo hakuna neno. Miezi ile Beatrice alipokuwa kitandani, ni Goodness aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza. Mimi nilikuwa nikisikia sauti yake nyuma ya ukuta. Asante yangu ilipitia kwa Godwin. Sijui ilifika na uzito gani.

Nilimwambia Godwin kwamba, kwa masikitiko, nitabaki nyumbani. Akajibu kwamba mkewe ametoka kumwambia hivyo hivyo: abaki yeye, baba aende. Nikaona aibu. Basi, tunakwenda wote.

Machage anasema dawa ipo. Pazia.

Jumamosi, 6 Julai. Ziwani, asubuhi.

Mwandiko mbaya, mashua inacheza.

Pazia limefungwa: kanga mbili, zimekata mashua katikati. Sisi wazee tuko mbele. Godwin na mkewe wako nyuma, pamoja na Nassib aliyeshika usukani. Machage anadai tumepewa daraja la kwanza, na anauliza chai italetwa saa ngapi. Nyuma ya kanga nimesikia kicheko cha mwanamke, kikazibwa upesi.

Maji ni mengi kuliko nilivyodhani. Musoma imebaki mstari. Nimetulia, nashukuru.

Siku hiyo hiyo, baadaye.

Upepo ulikuja kwa nguvu. Kanga zikajaa kama tanga la pili, mashua ikalala, maji yakaruka ndani. Nassib akatuomba kwa adabu kubwa tumsamehe, lakini pazia hilo litatuzamisha. Nikalifungua mwenyewe.

Kisha akasema tuhamie sote upande mmoja, upande unakotoka upepo, tubanane, uzito wetu uizuie mashua isipinduke. Godwin alikuwa ameshika kamba ya tanga. Machage, kwa mwili ule, alipangiwa mwisho kabisa. Ikabaki nafasi moja. Kando ya Goodness.

Nilisimama nimeshika mlingoti. Samahani, nilisema – sijui kwa nani. Machage akanikumbusha kwamba wazee wa Nyanungu hawajui kuogelea, hivyo hakuna atakayenifuata huku kunitoza faini ya mbuzi kwa kuvunja mwiko. Nassib ananihimiza. Mashua inazidi kulala. Na mimi nimesimama tu.

Goodness akanyoosha mkono.

“Baba, kaa hapa. Nakuomba.”

Nikaushika. Nikakaa.

Alasiri.

Ziwa limemwangusha muuguzi wetu. Ametapika sana, maskini, ameinama nje ya ukingo, na mimi nimeshika mkanda wa jaketi lake la kujiokolea asije akatupwa. Uso niliugeuza pembeni, kwa heshima. Mkono sikuulegeza.

Alipomaliza nilimpa leso na maji ya kunywa. Halafu nikasema:

“Asante kwa Beatrice.”

Hayo tu. Maneno niliyoyaandaa tangu msiba yalikuwa mazuri kuliko hayo, na yote yalinipotea. Alijifuta uso kwa leso, akaendelea kujifuta. Muda si mrefu usingizi ukamchukua, na kichwa chake kikalala begani kwangu.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekufa ganzi. Upepo sasa ni wa wastani. Godwin analitazama tanga kwa umakini lisiouhitaji. Machage amenyamaza – jambo ambalo sijapata kuliona tangu tukiwa wavulana.

Nassib ameinama kunieleza jambo. Kisiwa tutakacholala kiko upande ule mwingine. Lazima tugeuze tanga sasa, na tanga likigeuka, sote tunahamia ukingo wa pili.

Nimemwuliza kwa kunong'ona, na kwa kumwomba radhi, kama haiwezekani tuendelee hivi hivi kidogo.

“Mzee, huku tunakokwenda siko.”

Nimemjibu kwamba naelewa kabisa, na kwamba yeye ndiye nahodha. Kidogo tu, nimesema.

Anamtazama Godwin. Godwin bado ameishika kamba ya tanga, hajaifungua ligeuke.