Kushoto kwa Baba

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na mama hamjambo. Mimi ni mzima. Kinachoumwa ni mpira wangu wa kuanzisha tenisi tu. Kocha anataka wenye spini, yaani unaozunguka hewani: wa kukata, unaopinda pembeni na kubaki chini, na wa kupanda, unaodunda mpaka begani kwa mpokeaji. Wangu unakwenda kama mtu aliyetumwa dukani asiyetaka kufika. Mwisho wa mwezi anachagua timu hapa kambini, na asiyechaguliwa anarudi nyumbani. Pale uani nyumbani ulikuwa unasimama mbele yangu, nikikufuata nilikuwa naweza. Basi niandikie.

Mwanao

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mama yako anasema ukikonda atanilaumu mimi. Sasa sikiliza. Wa kukata, urushe kidogo kushoto, kisha uparuze ubavu wake wa kushoto kama unayemenya chungwa. Usiupige, uparuze. Wa kupanda, urushe juu ya kichwa, kunja magoti, paruza kutoka chini kwenda juu. Haraka haraka haina baraka. Anza na wa kukata.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo, na poleni na kazi. Nimekufuata neno kwa neno, nikajipinda mpaka mgongo ukalalamika. Jana mpira uliruka uzio ukamwaga chai ya mpishi. Kocha akaomba aione barua yako. Alipomaliza kuisoma akaniuliza, "Baba yako ni mashoto?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia kwa kukukumbuka. Miaka yote nilikufuata uso kwa uso kama kwenye kioo, mkono wako ukiwa upande wa mkono wangu, wala sikuwahi kuuona kuwa ni wa kushoto. Sasa kila kushoto kwako nafanya kulia. Wa kukata umekubali. Wa kupanda bado unalala wavuni, na uchaguzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anacheka mpaka leo. Anasema ni bahati sikukuvalisha viatu kinyume. Nimejaribu kwa mkono wa kulia ili nijue ninachokutaka ufanye. Kamba ya kuanikia nguo imekatika, lakini nimeelewa. Wa kupanda, urushe nyuma kidogo ya kichwa, kiuno kiende mbele, paruza kwenda juu upande wa kulia. Ukiuogopa wavu, utaupiga. Nakuombea.

Baba yako

31 Machi

Baba, shikamoo.

Nimechaguliwa. Ule wa mwisho ulipanda ukampita mwenzangu begani, akabaki ameinua raketi. Timu inakaa hapa mwaka mzima, kwa hiyo likizo hii siji. Msalimie mama sana.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimewasomea barua yako mafundi wenzangu wote wa gereji, na walipouliza mpira wa kupanda ni upi, nikawaonyesha kwa spana. Nitakwambia kweli: nilikuombea uchaguliwe, na moyo chini kwa chini ukaomba urudi. Limejibiwa ombi lile la kwanza, nami nashukuru. Mama yako alikuwa ameshakutandikia kitanda. Tumekubaliana tusikitandue.

Baba yako