Faili Lenye Jina la Eufrazia

Mafiga, Morogoro
19 Mei 2024

Mpendwa dada Eufrazia,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Bukoba, na mtoto ameshaanza kucheka? Sisi ni wazima. Kifua cha Baba kimetulia. Amekuwa hapa kwangu tangu barabara ya mlimani ilipokatika.

Unaukumbuka ukurasa wa mtandaoni niliowatengenezea wanakwaya wa kigango chetu? Una kisanduku cha kuchagulia: ukikibonyeza, majina ya nyimbo yanashuka, unachagua mmoja na kuupakua. Majina hayo siyaandiki mimi. Programu iliyoko kwenye seva ndiyo inayofungua folda na kuonyesha kila faili inalolikuta humo. Nywila ya folda ninayo peke yangu.

Jumatatu asubuhi nilikuta jina jipya katikati ya nyimbo: Eufrazia. Nikadhani nimekosea mahali. Nikaikagua programu, haina kasoro. Nikaingia kwenye folda yenyewe, faili limo. Nikalipakua, nikasikiliza.

Ni Mama, dada. Kwanza anahema, kama alivyokuwa akihema akipandisha kilima na tenga la kabichi. Kisha anasema, "Eufrazia, usije kwa njia ya chini. Daraja limeondoka na maji. Pita juu, kwa akina Paskalia."

Mama tulimzika Februari. Daraja lilisombwa Aprili.

Nililifuta. Nilipofungua ukurasa tena, jina lilikuwa palepale. Nikamwita Baba, nikitumaini ataniambia siyo yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Ni mama yenu," akasema. "Kwa nini unamfuta?"

"Baba, Mama amekufa."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Lakini hasemi na wewe."

Baba anaamini umeamua kuja kuliona kaburi huko mlimani, kwa kuwa ulijifungua wiki ile ya mazishi na hukuwahi. Nimekupigia tangu Jumatatu hiyo, simu yako haipatikani, wala ya shemeji. Ndiyo maana nampa Shamimu, jirani yangu, barua hii. Anasafiri kesho kuja huko kwao.

Nilimsihi Baba asubiri. Hakukubali. Leo ameshika fimbo yake, amepanda mlimani kukungoja kwa akina Paskalia.

Msalimie shemeji Petro, na mpakate mtoto kwa niaba yangu. Kama umeshaondoka, shemeji ndiye atakayeifungua barua hii. Naomba atujulishe ulishika njia lini. Mungu akutangulie popote ulipo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Evance