Pumzi ya Trailo Paunović Ndani ya Tarumbeta Lake

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha, na Jumamosi iliyopita tulikuandalia pomana yako ya mwaka, karamu ya marehemu. Watu walikula, wakanywa, wakakusifu. Ungeiona ile meza ungedhani ni harusi. Lakini sisi wa nyumbani kwako tunaandika kumbukumbu hii tukiwa tumeinamisha nyuso, maana yapo ya siku ile ambayo tungeona haya zaidi kuyanyamazia, na wewe ndiye wa kwanza unayestahili kuyasikia.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Majembe ya kijiji kizima yana mipini uliyoichonga wewe, na mbwa wa jirani ulimlisha kabla ya wetu. Kazi yako ilikuwa kiwandani, kwenye chumba kile wanachotolea seleni katika tope linalobaki shaba ikishasafishwa. Siku mhandisi alipokwambia kwamba seleni ilipewa jina la Mwezi kwa Kigiriki, ulirudi nyumbani ukichekacheka peke yako.

"Stana," ulimwambia Mama, "mumeo anafanya kazi mwezini."

"Basi ungeoga huko huko," Mama akakujibu.

Seleni ina tabia yake. Humwingia mtu mwilini ikatokea kwenye pumzi, na pumzi yako ilinuka kitunguu saumu, ule usile. Mezani tulikuweka kwenye kiti cha dirishani. Mama alikutandikia kitanda kwenye jiko la nje, lile la kiangazi, akasema kuna hewa zaidi. Bendi ya tarumbeta ya kijiji ilikutania kwamba ukifa hakuna zimwi litakalothubutu kukusogelea, maana mazimwi hukimbia kitunguu saumu, nawe ukacheka nao. Sisi hatukucheka. Tulikuonea aibu, na ulijua.

Muziki wako uliupata ukitoka zamu, alfajiri, mwezi ukiwa bado juu ya kilima cha mabaki ya shaba, mweupe, hauna kazi tena. Ulikuwa muziki wa tarumbeta tupu, hauna hata neno moja. Katikati unanyamaza mpaka msikilizaji adhani umekwisha, kisha unarudi kwa sauti ya chini. Ukauita Seleni. Bendi wakaukataa.

"Mzee Trailo," walikwambia, "huu watu wataucheza kwa mguu gani?"

Basi ukawa unaupiga nyuma ya zizi. Milunka, binti yako, alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na ulipochoka ulimpa tarumbeta naye akaendelea pale ulipoachia. Baadaye akaolewa Zaječar, mjini, akaliacha tarumbeta kama alivyoukung'uta udongo wa kwetu kwenye viatu.

Desturi yetu unaijua. Kitu usichopewa kwa jina lako kabla mwaka haujafungwa, utakikosa huko uliko. Mama amekupa shati, viatu, taa, redio na sigara zako. Kilichokuwa kimebaki ni Seleni, na aliyekuwa anaijua duniani ni Milunka peke yake. Alikubali kuipiga. Ila wakwe zake wa mjini walikuwa wanakuja, na mama mkwe wake, Bi Desanka, pua yake haimsamehi mtu.

Milunka akaanza kwa kuwakataza wapishi wasitie kitunguu saumu kwenye chungu chochote. Shangazi Persida, dada yako, alionja maharage akaweka kijiko chini.

"Haya ni maharage au maji yaliyooshewa maharage? Kaka yangu mmemfanya mgonjwa wa hospitali?"

"Taratibu, Shangazi, kuna wageni."

"Mwenye shughuli ni Trailo. Hao wa mjini wamealikwa tu, kama mimi."

Lakini hilo la chakula lilikuwa dogo. Ijumaa, siku moja kabla, Milunka alikuwa amelitoa tarumbeta lako kwenye kasha, akalitia kwenye maji ya moto na sabuni, akalisugua ndani kwa brashi ndefu mpaka maji yakatoka hayana kitu. Alijiambia kwamba kitu cha marehemu hutolewa kikiwa safi. Ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Lakini alijua vizuri sana alikuwa anamwoshea nani.

Wakati wa kukupa muziki ulipofika, tarumbeta liliwekwa mezani kando ya picha yako na mshumaa. Mama akaliinua, akapeleka pua yake kwenye mdomo wa tarumbeta, akavuta. Akavuta tena.

"Milunka. Umelifanya nini?"

"Nimelisafisha, Mama."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya watu wote, "Majira yote haya ya baridi nimekuwa nikifungua kasha nimnuse. Pumzi yake ilikuwa imebaki humu, mwanangu. Umeimwaga."

Mama yule yule aliyekulaza kwenye jiko la nje. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua. Milunka alitamani ardhi ipasuke immeze, na sisi tuliokuwa tumekaa tulitazama sahani zetu, maana hata kama mkono ulikuwa wake, aibu iliyolisugua tarumbeta ilikuwa yetu sote, ya miaka mingi.

Milunka akaingia jikoni. Akarudi na kitunguu saumu kizima, akasimama kichwani mwa meza, akakimenya, akaanza kutafuna punje moja baada ya nyingine, mbichi, bila mkate. Machozi yalimtoka, na hatukujua ni ya ukali wa kitunguu au ya nini.

"Milunka," Bi Desanka alimnong'oneza, "watu wanakuona."

"Acha wanione, Mama. Kwetu tunanuka hivi."

Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika, "Hii ni yako, Baba," akapuliza.

Mwanzoni sauti ilimpasukia. Midomo ilikuwa imesahau. Ikaja ikatulia, na mwezi wako ukapanda polepole juu ya meza ile mchana kweupe. Pale katikati, kwenye kimya, mpiga ngoma wa bendi alidhani ameshindwa, akainua fimbo ili amwokoe. Shangazi Persida akamkamata mkono.

"Tulia wewe! Anavuta pumzi."

Seleni iliporudi kwa sauti ya chini, Mama alinyanyuka. Akachukua picha yako na mshumaa, akaanza kuizunguka meza, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Shangazi akamshika mkono, tukafuata wote mpaka wakwe. Kumbe muziki wako unachezeka, Baba. Wala hatukuwahi kujaribu.

Ulipokwisha, Mama alilinusa tena tarumbeta.

"Si yake," alisema. Akalirudisha kwenye kasha. "Lakini usilioshe."

Wanaokukumbuka ni mkeo Stana. Binti yako Milunka, ambaye hadi leo akiliona kasha hugeuza uso. Dada yako Persida. Na wakwe zako wa Zaječar, pamoja na Bi Desanka, aliyeomba mwenyewe jina lake liwemo hapa.

Utakuwa nasi siku zetu zote, Baba. Kiti cha dirishani tumekiondoa. Picha yako sasa inakaa katikati yetu.