Nimeivunja Harusi ya Salma

Mke mwenzangu, Mama Salma,

Nakusalimia, ingawa ulipokuwa hai salamu yangu ulikuwa unaipata nusu nusu, mdomo unasema na jicho linatazama pembeni. Leo nakusalimia vizuri. Sipendi kukuandikia, lakini jambo hili wengine watalipotosha, na nataka ulipate kutoka kwangu: harusi ya Salma na Idi haipo tena. Nimeivunja mimi.

Usianze kunilaani. Sikiliza kwanza.

Tangu tukuzike, mume wetu akirudi sokoni kwenye mitumba yake anapita kwanza upande wako wa nyumba, anasimama kidogo mlangoni, ndipo anakuja kwangu. Nikimwekea chakula anasema mchuzi wa Mama Salma haukuwa hivi. Mimi alinioa wakati wa foleni ya sukari, sabuni yenyewe ilikuwa ya kuviziwa. Wewe ukaja maduka yamejaa, marobota ya mitumba yameanza kuingia, na ni wewe unayeliliwa. Haya. Silo lililonishikisha kalamu.

Unajua nilivyokuonea wivu. Si kwa uzuri, maana ulikuwa wa kawaida tu, unisamehe. Niliwaonea wivu watoto wako, wakicheka nikiona ndimi zao zilivyo nyekundu. Yusufu wangu tangu anatambaa macho yalikuwa ya manjano, viganja vimepauka, na kila Julai mawingu ya Mlima Meru yakishuka na baridi yake, mifupa inamliza. Hospitali wakatupa jina la ugonjwa, sikoseli. Ukoo wa mume wetu ukatafuta mkosaji, ukanipata mimi. Mama mkwe alisema waziwazi, "Mwanangu damu yake safi, si mnawaona watoto wa mke mdogo?" Ushahidi wao ulikuwa wanao wakikimbia uani. Wewe hukuwahi kuyasema maneno hayo. Hukuwahi kuyakataa pia.

Na kilichonichoma zaidi ni mikono yako. Yusufu akishikwa na maumivu hakuniita mimi niliyemzaa. "Mama Mdogo aje na mafuta yake!" Nawe unakuja, unapasha mafuta ya nazi, unamkanda magoti mpaka anasinzia, mimi nimesimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilikuchukia kwa hilo, na papo hapo nilikuwa naomba usichelewe.

Ulipoondoka Salma alinyong'onyea. Tukasema ni majonzi. Nikampa juisi ya rozela, nikampa maini na matembele, bado akichota ndoo moja anakaa chini kuhema. Nikampeleka hospitali. Daktari aliyepo sasa ana utaratibu wake: mgonjwa akija hana damu, haishii kumpa vidonge. Anapima pia kama kuna tatizo la damu la kurithi, maana anasema wapo tunaodhani wamekosa mboga tu, kumbe wamezaliwa nalo. Alipomaliza akanigeukia.

"Mama, damu ya binti yako itapanda kwa vidonge, hilo lisikutishe. Ila anabeba nusu ya sikoseli. Yeye haumwi. Lakini akiolewa na mwenye nusu kama yake, mtoto anaweza kuzirithi zote mbili akaugua."

Aliniita mama yake Salma. Sikumsahihisha.

Nikamweleza habari za Yusufu. Akasema mtoto haugui hivyo kwa mzazi mmoja, baba yake naye alitoa nusu. Mama Salma, nilitaka kupiga vigelegele mle mle ndani! Miaka yote ile nimeinamishwa kichwa. Kumbe wanao walikuwa wazima kwa sababu wewe hukuwa na nusu hiyo, wala si kwa usafi wa damu ya mtu mwingine. Halafu nikaona kwamba hata hapo umenishinda. Mume mmoja, nyumba moja, na kwenye damu nako Mungu alikupendelea wewe.

Tulikuwa tunarudi, Salma ameshika vidonge vyake, furaha ikanikatika njiani. Idi ni mtoto wa kaka yangu, tumbo moja. Damu yake ni yangu. Na harusi hii uliipanga wewe ukiwa kitandani, ukanishika mkono ukasema, "Dada, hawa watoto watuunganishe." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada.

Nikuambie ukweli: nilifikiria kunyamaza. Nilisema moyoni, acha na wa kwake aonje. Acha mjukuu wa Mama Salma naye alie mifupa, ukoo upate mwingine wa kumtazama. Wazo hilo nililala nalo, nikaamka nalo, nikapika nalo. Kisha Yusufu akashikwa, na aliyekuja na mafuta ni Salma. Ana mikono yako. Anakanda huku machozi yanamtoka, anamwambia kaka yake vumilia, vumilia. Nikajiona mimi pale, nilipokuwa na umri wake ule na Yusufu mchanga akilia mikononi. Sikuweza kunyamaza.

Nikamchukua Idi mpaka kwenye mojawapo ya hizi maabara za watu binafsi zilizofunguliwa kila kona, akatolewa damu. Ana nusu. Nikawarudisha wote wawili kwa daktari, naye akasema hamkatazi mtu kuoa, waamue wenyewe wakijua. Idi akaamua. Amekua akimwona Yusufu, hahitaji kusimuliwa. Alikuja kwa mume wetu, akavua kofia, akasema, "Baba, nampenda, lakini siwezi."

Salma hakumlaumu Idi. Alinigeukia mimi, mbele ya watu wote. "Mama Mkubwa, umemwonea mama wivu mpaka kaburini, sasa umehamia kwangu." Mdogo wako Zaina akaitikia, akamfungia nguo zake, wakaondoka kwenda nyumbani kwake Olasiti. Mume wetu amenuna mpaka leo. Si kwa ajili ya harusi, ni kwa kuwa damu yake imetajwa.

Nijitetee vipi? Wivu ninao, mtaa mzima wa Daraja Mbili unajua. Nimetembea nao mchana kweupe miaka yote. Siku moja tu nimetenda jambo bila huo wivu, na hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Ndiyo maana nakuandikia kukuomba. Mtokee mwanao usingizini. Mwambie Mama Mkubwa hakufanya hivi kwa wivu. Mimi ninayempelekea vidonge hanifungulii mlango, namkabidhi Zaina narudi zangu. Wewe uliye udongoni ukisema neno moja atalishika. Hata kwa hilo nakuonea wivu, mke mwenzangu, na naona utaondoka nao ushindi huu pia.

Pumzika. Mafuta yako ya nazi ninayo, najifunza kuyapasha, ingawa Yusufu anasema mikono yangu migumu. Kwa Salma sitaomba radhi, na Olasiti sitaacha kwenda. Ipo siku ataolewa na mwingine atakayepimwa, atazaa mtoto mzima, na watu watasema ni baraka za marehemu mama yake. Nitanuna, nakuambia kabisa. Lakini nakuahidi sitawasahihisha.

Mimi,
Mama Yusufu