Benchi la Fifi

Shishiyu, 14 Julai 2024

Mama mpenzi,

Mwangaluka mayu. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila sauti imekauka. Darasa la tatu nina watoto tisini na wanne! Wengine wanasoma kama wanakunywa uji, wengine hata herufi hawazijui. Basi nimewagawa makundi matatu kwa uwezo wa kusoma, kila kundi na mabenchi yake na kazi yake. Mwalimu mkuu kanisifu mbele ya wenzangu. Furahi na wewe.

Mwanao,
Ng'washi

Ipililo, 21 Julai 2024

Ng'wana wane,

Mgongo upo, ni pamba inayonimaliza. Toka asubuhi tunachambua: safi huku, fifi ile chafu kule. Hongera, mwalimu wa watu! Ila nijibu: hilo kundi la mwisho, watoto wanaliitaje? Usiniambie hawajalipa jina, watoto nawajua.

Mama yako

Shishiyu, 11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Wanaliita Fifi.

Nyanjige, binti wa miaka kumi wa kundi hilo, wiki mbili haji shule. Nimekwenda kwao, kajificha zizini. Baba yake anasema kama mwanawe ni pamba chafu, bora achunge ng'ombe. Nampoteza, mama, na ni mimi niliyempanga pale. Nifanyeje?

Ng'washi wako

Ipililo, 15 Agosti 2024

Ng'wana wane,

Pole. Haya, futa kamasi. Umesahau kwamba jina lako uliweza kulisoma ukiwa darasa la nne? Mwalimu Bujiku hakukutenga. Kwenye herufi ulikaa na wasiojua, kwenye hesabu ukawaongoza wenzako, maana mizani ya pamba uliijua. Makundi yalibadilika kila siku. Rudi kwa huyo binti, umwombe radhi yeye mwenyewe.

Mama yako, anayekupenda hata ukiharibu

Shishiyu, 1 Septemba 2024

Mayu,

Mwangaluka, na wabeja, asante sana. Nilimpigia Nyanjige goti mbele ya baba yake. Mzee akaniinua mwenyewe! Jumatatu binti akaja.

Sasa makundi yanafuata kazi ya siku. Jumatano tulipima uwanja kwa kamba, Nyanjige akawaamrisha wasomaji wangu wote, maana kwao ndiye anayepima matuta. Ijumaa alikuwa kundi la herufi. Akaninong'oneza, "Mwalimu, wewe ulipokuwa mdogo ulikaa kundi gani?"

Nikamwambia, Fifi.

Akacheka mpaka machozi, kisha akasogea pembeni kwenye benchi ili nikae.

Mwanao,
Ng'washi